Benchi la Mti wa Mukau

Juma lile zima Mukonyo hakulala mchana bila kutembelewa. Alipomaliza kupalilia mbaazi na kula, alijinyoosha kwenye kochi chini ya kalenda ya kanisa, na kabla nzi hajatua mara mbili wale wanawake wawili walikuwa wamefika. Walikuja na benchi lao. Walilitua katikati ya mto Athi, mahali ambapo maji yanafika kwenye vifundo vya miguu tu, wakaketi bega kwa bega, mmoja mrefu mwembamba, mwingine mfupi mnene, wakawa wanatazama huku na huku kama watu waliowahi mno harusini. Yule mfupi alikuwa akiosha vikombe mtoni.

Mukonyo aliwajua. Yule mrefu alikuwa Kalekye, na yule mfupi alikuwa Syombua. Wote wawili walikuwa mama zake, na wote wawili walikufa kabla yeye hajapata mtoto. Alikuwa amefanya kazi ya miaka arobaini kuwasahau, tena kazi safi, na sasa wanamletea benchi.

Ngoja tueleze mapema, tusije tukapotezana njiani. Kwa Wakamba kuna ndoa iitwayo iweto. Mwanamke asiyejaliwa mtoto, hasa akifiwa na mumewe, hutoa mbuzi na ng'ombe akamwoa msichana, ili nyumba ipate watoto na jina la marehemu lisizimike. Kalekye alifiwa na mumewe Mulei bila hata mtoto mmoja. Akatoa mbuzi, akamwoa Syombua. Syombua akamzaa Mukonyo na mwanamume ambaye hakuna aliyemtaja wala kumuulizia, kama desturi ilivyoruhusu. Siku ya ubatizo, karani wa kanisa alipouliza jina la baba, Kalekye alijibu bila kupepesa macho: "Mulei." Karani akaandika. Mulei alikuwa ametimiza mwaka wa nane kaburini.

Kanisa lilipokuja kugundua, liliwaweka wale wanawake nyuma, walipokaa watu waliotengwa, wasioguswa na mkate wala kikombe. Nyuma kwenyewe hakukuwa na kiti, watu walikaa sakafuni. Kalekye hakubishana. Alikwenda shambani kwake akaangusha mti wa mukau, mti mgumu ambao mchwa huutazama tu na kupita, akamwita fundi, na Jumapili iliyofuata akaleta benchi kwa mkokoteni wa ng'ombe. "Nikikaa nyuma," alisema, "nitakaa vizuri." Walikaa hapo karibu na mlango miaka ishirini na sita. Kalekye alipokufa hakuna mchungaji aliyekuja, wala hakuna aliyeimba. Syombua alipomfuata mwaka uliofuata, ikawa vivyo hivyo, udongo ulidondoka juu ya sanduku na watu wakasikia kila bonge. Mukonyo alisimama pale akala yamini kwamba yeye atazikwa kwa nyimbo, hata iweje.

Basi akajipanga. Aliolewa na Kyalo kanisani, kwa pete na gauni jeupe, Kyalo wa kiwanda cha nguo Thika, mtu mpole aliyekuwa akirudi nyumbani na nyuzi kwenye nywele. Binti yao Dianah alipouliza habari za babu, aliambiwa babu Mulei alikuwa mwalimu. Mwalimu wa wapi, hakuambiwa. Wazee waliojua ukweli walikuwa wakifa mmoja mmoja, na waliobaki walikuwa na adabu ya kunyamaza. Kutoka benchi la nyuma Mukonyo alisogea katikati, kutoka katikati akafika mbele, na kwa miaka kumi na tisa ni yeye aliyefua, kupiga pasi na kutandika kitambaa cheupe cha Meza ya Bwana. Alikifua peke yake, kwa beseni lake, na ole wake kuku atakayekatiza chini ya kamba. Kyalo alipokufa, alizikwa kwa nyimbo saba. Mukonyo alizihesabu.

Ndipo Jumatatu ya juma hilo akaja Mzee Munyao.

Munyao alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyehamia kutoka upande wa Machakos, mwaminifu, mwenye mwandiko mzuri na koo la kukohoakohoa. Alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama Dianah, mimi sina chuki na wewe. Unajua."

"Najua, Mzee."

"Hii maneno ya Dianah na yule msichana wa Kamakis imefika kwa kamati. Kuna dada yetu anakaa hiyo ploti yao. Alimuuliza Dianah uso kwa uso. Hakukana."

Mukonyo alitazama mikono yake. Dianah alikuwa na miaka thelathini na minne, alifundisha watoto wa chekechea kule Membley, na kwa miaka sita alikuwa amepanga nyumba moja na Bridget. Mama anaweza kuwa mjinga kwa makusudi, na Mukonyo alikuwa amejitahidi.

"Ni utaratibu tu," akasema Munyao. "Jumapili kabla ya Meza, mzazi anasimama, anasema amejitenga na mtoto na njia zake. Jina la mtoto linakatwa kwa kitabu. Tunaendelea. Dakika mbili."

"Na asiposimama?"

"Basi mzazi na mtoto wanahesabiwa pamoja. Anarudi nyuma. Hakuna Meza, hakuna kitambaa." Akakohoa. "Na wa nyuma hazikwi na kanisa, hiyo unaijua."

Mukonyo aliijua kuliko Munyao alivyodhani.

"Hata mimi nilisimama," Munyao akaongeza, kwa sauti ya chini. "Kwa Muoki wangu, alipochukua bibi wa pili. Nilisimama nikasema."

"Huwa anakupigia simu?"

Munyao alianza kutafuta kofia yake. Ilikuwa kichwani.

Ijumaa Mukonyo alikwenda Ruiru. Alikuwa na mpango, na ulikuwa mpango wa mtu mwoga: Dianah aseme ni uongo. Neno moja, hata kwa simu, Munyao alifute jambo, kila mtu arudi kwake. Mtaa wa Kamakis ulikuwa umejaa moshi wa nyama, moshi mwepesi wa saa tisa alasiri ulioelea juu ya barabara na kuyafanya magari yaonekane yanapita bila magurudumu. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Pazia la sebuleni lilikuwa la buluu, na jua lilipopenya, chumba kizima kikawa kama kiko chini ya maji. Mukonyo akaketi humo, akajisikia mzito na mwepesi kwa pamoja.

"Sema tu mnashare rent," alimwambia Dianah. "Si watu wengi wanafanya hivyo?"

"Mum, nimesema hivyo miaka sita."

"Sema tena mara moja."

Dianah alitikisa kichwa. Alikuwa na macho ya Kyalo, yasiyojua kugombana.

"Ni dhambi, Dianah."

"Umeniambia."

"Si mimi, ni Biblia."

"Najua. Ni wewe ulinifunza kuisoma." Dianah akakaa karibu naye. "Unadhani sijaomba? Form Two mpaka Form Four, kila Ijumaa sikuwa nakula lunch. Wewe ulidhani nataka kukonda, ukawa unaniwekea chapati kwa begi."

Mukonyo alizikumbuka zile chapati. Zilirudi jioni zikiwa zimekauka, naye akamgombeza mtoto kwa kupoteza chakula. Aibu ilimpanda polepole mpaka masikioni. Miaka mitatu mtoto alikuwa akipigana peke yake katika nyumba yake, na yeye alikuwa akipiga pasi kitambaa.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bridget. Alisimamia jiko katika mkahawa mmoja wa nyama choma pale chini, na alinukia makaa. Alimsalimu Mukonyo kwa mikono miwili, akiinama kidogo, kwa adabu ya kwao Bungoma.

"Habari ya safari, Mama. Karibu sana."

"Nzuri," akasema Mukonyo.

Bridget alikwenda kukaa kwenye stuli karibu na mlango, magoti pamoja, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji katika nyumba ya wenyewe. Dianah alileta chai ya maziwa, akamimina vikombe vitatu, akavisubiri vitulie. Kisha, huku akiongea habari za watoto wa Membley waliomwagia rangi mwalimu mkuu, alichukua kijiko, akauondoa utando wa maziwa juu ya kikombe cha Bridget, akautia mdomoni mwake mwenyewe, akampa mwenzake kikombe. Hakuangalia alichofanya. Mkono ulijua njia.

Mukonyo aliweka kikombe chake chini.

"Kwa nini umefanya hivyo?"

"Nini?"

"Huo utando."

"Aa, huyu hawezi kuumeza. Anasema ni kama kula karatasi."

Bridget akacheka kwa haya. "Nyumbani walinichapa sana juu ya hiyo, Mama. Haikutoka."

Mukonyo hakusikia vizuri. Alikuwa ameketi kando ya jiko la mawe matatu, ana miaka sita, na Kalekye, ambaye wanaume wazima walimpisha njiani, alikuwa ameshika kijiti alichokichonga kwa tawi la mukau. Kila jioni alikitumia kuuondoa utando kwenye chai ya Syombua, akaula yeye, akamsukumia kikombe. Syombua hakuwa akishukuru. Mtu hashukuru kila jioni kwa jambo la kila jioni.

Tusimwekee Mukonyo maneno asiyoyasema. Alijua kwamba iweto ni jambo jingine. Kalekye alitaka watoto wa jina la Mulei, Syombua alikuwa na mwanamume wake wa kuja na kuondoka, na habari za mapenzi hazikutajwa katika nyumba ile hata siku moja. Dianah na Bridget walikuwa kitu kingine, na kwa kitu hicho Biblia yake ilikuwa na mistari aliyoijua kwa moyo. Yote hayo aliyajua. Lakini machozi yalikuwa yamekwisha kumlenga, na alisingizia moshi.

Dianah alimsindikiza mpaka stesheni ya Ruiru kungojea treni ya jioni.

"Jumapili utasimama?"

"Ni utaratibu, mwanangu."

"Sitakukasirikia, Mum. Haki ya Mungu." Akaitazama reli. "Lakini ukisema hayo maneno sitaweza kurudi nyumbani. Sitajua naingia kama nani."

Treni ilikuwa na joto la watu waliochoka. Mukonyo alipata kiti cha dirishani, na nje mashamba ya kahawa yalikuwa yakipoteza rangi, safu baada ya safu. Hakujua ni saa ngapi alipolala. Alijua tu kwamba maji ya Athi yalikuwa yameingia ndani ya behewa, maji safi, vuguvugu, yakipita chini ya viti, na abiria hawakushangaa, waliinua tu mifuko yao. Benchi lilikuwa pale kati ya viti. Kalekye na Syombua walikuwa wamejibana upande mmoja, wakaacha nafasi pana.

"Mnataka nini?" Mukonyo aliwauliza. "Mimi nimekosa nini? Niliwajengea makaburi ya simenti!"

Kalekye alipiga ubao kwa kiganja, pale penye nafasi. Syombua akamnyooshea kikombe. Chai ilikuwa tulivu, haina utando.

"Mwaitu, inapoa," akasema Syombua. Alimwita mama, kama Wakamba wanavyowaita binti zao kwa kuwabembeleza, na Mukonyo alikuwa hajaitwa hivyo tangu udongo ule.

Aligutushwa na mkono begani. Watu walikuwa wanashuka, na taa za Thika zilikuwa zimewaka.

"Mathe, tumefika," akasema msichana mmoja mwenye mkoba wa kazini. "Pole kukuamsha. Ulikuwa unaimba."

Jumapili Mukonyo alifika kanisani kabla ya kengele. Alitandika kitambaa, akanyoosha kona zote nne, akabaki amekiwekea kiganja kwa muda. Mfukoni alikuwa na karatasi ambayo Munyao alimwandikia, kwa ule mwandiko wake mzuri, mistari mitano tu. Alikuwa ameisoma mara nyingi mpaka ikaanza kuchanika kwenye mkunjo. Niseme ukweli, mpaka dakika ile hakuwa ameamua. Alitaka kuzikwa kwa nyimbo. Alitaka pia Dianah aingie mlangoni kwake akijua anaingia kama nani. Alivitaka vyote viwili vibaya sana.

Mchungaji Simeon, kijana wa miaka arobaini mwenye kola iliyomlegea shingoni, alihubiri juu ya ndoa. Hakupiga kelele. Alisema Mungu aliumba mume na mke, na kwamba dhambi ni dhambi hata ikiwa na sura ya mtu tunayempenda, na aliposema hivyo alimtazama Mukonyo kwa huruma iliyoumiza kuliko ukali. Kisha Munyao akainuka na kile kitabu kikubwa, akaita jina.

Mukonyo alisimama. Alifungua karatasi, akaitazama, akaikunja.

"Naitwa Mukonyo," akasema. "Kwa hicho kitabu mmeandika binti ya Mulei. Mulei alikufa miaka minane kabla nizaliwe."

Vichwa vikageuka. Mtoto mmoja aliyekuwa akilia akaacha, kwa udadisi.

"Mimi nilizaliwa kwa nyumba ya wanawake wawili. Mmoja alimlipia mwenzake mahari. Wenye nywele nyeupe hapa wanajua, Mungu awabariki hawakuwahi kusema. Kanisa hili liliwaweka pale." Akaonyesha mlangoni. "Nimewaficha maisha yangu yote ili nifikie hiki kitambaa. Mtoto wangu hawajui hata majina. Nimewakana mara moja, na sitaki kujifunza kukana mara ya pili."

"Mama Dianah," Munyao akanong'ona, "soma karatasi tu."

"Kuhusu Dianah, sijui, Mzee. Nimemuuliza Mungu kila siku wiki hii, na bado amenyamaza. Akinijibu nitakuja kuwaambia hapa hapa. Lakini huyo ni mtoto wangu. Jina lake halikatwi kwa mdomo wangu. Mkitaka kulikata, kalamu mnayo."

Akaweka karatasi juu ya kitambaa, akaanza kutembea kwenda nyuma.

Njia ya katikati ya kanisa lile si ndefu, lakini alipita wanawake aliofunga nao, aliolala nao kwenye matanga, aliosuka nao vikapu, na kila mmoja aliangalia viatu vyake. Mbele, kalamu ya Munyao ilibaki imeshikwa juu ya ukurasa. Hakuandika. Hakukifunga kitabu pia. Alisimama tu pale, na midomo yake ilikuwa ikitembea, na waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba alikuwa akilitaja jina la Muoki.

Benchi lilikuwa mahali pake, rangi ya asali iliyozeeka. Siku hizi walilitumia kuwekea ndoo ya maji na vitabu vya nyimbo vilivyochanika. Mukonyo aliitua ndoo, akasogeza vitabu, akaketi. Upepo uliingia mlangoni ukamgusa shingo, upepo uleule, na akakumbuka kitu alichokuwa amekizika pamoja nao: kwamba alipokuwa mtoto aliamini hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote kanisani, na aliwahurumia watoto wa mbele kwa joto. Akapeleka vidole chini ya ubao. Alama zilikuwepo, zile alizochonga kwa kisu cha Kalekye, moja kwa kila Krismasi.

Sinia ya mkate ikapita safu kwa safu. Simeon mwenyewe aliileta mpaka safu ya mwisho, mbele ya lile benchi, akasimama. Aliinua kipande kimoja, akakirudisha. Mukonyo alimwona akitaka. Kisha Simeon akageuka akarudi mbele, na Mukonyo akalia waziwazi, bila leso, kwa sababu aliipenda Meza ile, na hakuna aliyemdanganya kwamba haitauma.

Baada ya ibada watu walimpita upande. Simeon alibaki hadi wote wakatoka, akaja akaketi kwenye ncha ya benchi.

"Mama, mimi naamini ni dhambi. Siwezi kukuambia vingine."

"Sijakuomba uniambie vingine."

"Na kamati haitabadilisha sheria. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa, Mchungaji."

Akapapasa ubao kama mtu anayepima kitambaa. Halafu akaivuta kola yake iliyolegea.

"Siku yako ikifika, sitakuja kama kanisa. Nitaacha hii nyumbani. Lakini nitakuja, na nitaimba."

"Peke yako?"

"Hata peke yangu."

"Na sauti yako hiyo?" akasema Mukonyo, akacheka huku machozi yakiendelea, na Simeon naye akacheka, maana kanisa zima lilijua alivyoimba.

Alipotoka nje alipiga simu. "Njooni," akamwambia Dianah. "Leo. Mje wote wawili, usinijie peke yako."

Walifika saa kumi, wametembea kutoka barabarani, viatu vimejaa vumbi jekundu. Bridget alisimama kizingitini asijue kama aingie. Mukonyo alimvutia kiti, si kile cha karibu na mlango. Alikwenda jikoni akachemsha maziwa mpaka yakapanda, akarudi na birika, akamimina vikombe vitatu, akavisubiri. Pazia lilipumua, likatulia. Akachukua kijiko. Taratibu, kwa mkono ambao haukuwa umewahi kulifanya jambo hilo lakini ulikuwa umelitazama utoto wote, aliuondoa utando kwenye kikombe cha Bridget, akautia mdomoni, akakisukuma kikombe mbele yake.

Dianah na Bridget wakatazamana.

"Kunywa, inapoa," akasema Mukonyo. Kisha akaketi, akavuta pumzi ndefu. "Sasa kaeni vizuri, niwaambie habari za nyanya zenu."